Kijana wa chuo kikuu barazani kwetu



Juma lililopita, baada ya Swala ya Isha, tulikuwa tumeketi barazani kwa jamaa yangu mmoja, wazee wapatao sita na kahawa yetu, na mazungumzo yalikuwa ni yale yale ya siku zote: bei ya mchele, vita vya Gaza, vijana na ajira. Mtoto wa mwenye nyumba, aliye mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimojawapo cha jijini Dar es Salaam, alikuwa amerudi likizo na ndiye aliyekuwa akituletea kashata. Mzee mmoja akasema kuwa vijana wa vyuo siku hizi hawajui lolote ila simu na starehe, na kwamba Serikali inawagawia fedha za bure. Kijana akaweka sinia chini, akaomba ruhusa ya kusema. Baba yake akamkataza kwa jicho. Mimi nikamwombea ruhusa, na baadaye nikajuta kidogo, kwa kuwa sehemu ya maneno yake ilinielekea mimi mwenyewe.

Nimeona niyaandike, kwani naamini nyumba nyingi za wasomaji wetu zina kijana wa aina hii, na wengi wetu tunamwuliza matokeo ya mitihani tu, kisha tunamwambia akalale.

Alianza kwa kutuhesabia siku yake. Huamka kabla ya alfajiri, na kwa ukweli wake alikiri kwamba si kwa ajili ya Swala peke yake, bali pia kwa kuwa maji hutoka saa hiyo. Chumba chao ni cha watu wanne lakini wanalala saba, maana wenzao waliokosa nafasi hubebwa na waliopata. Wenyewe wanaita “kubebana”. Asubuhi hanywi chai. Hungoja hadi saa tano, akala kwa mama ntilie mlo mmoja mzito utakaomfikisha usiku, na jambo hilo pia wamelipa jina, “pasi ndefu”. Kompyuta mpakato anaitumia kwa zamu na wenzake wawili, hivyo zamu yake ya kuandika kazi za walimu huangukia usiku wa manane. Siku ya Ijumaa ana kipindi kinachokwisha saa saba kasoro dakika tano. Hutoka mbio, na mara nyingi humkuta khatibu keshapanda mimbari.

“Na bumu?” akauliza yule mzee, akikusudia ile fedha ya kujikimu.

Hapa yafaa nieleze kidogo, kwa faida ya wazazi wasiolifahamu jambo hili. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na ikaanza kazi Julai 2005. Fedha inayotoa si ya bure, ni deni. Mwanafunzi hutia saini, na akishaajiriwa hukatwa mshahara. Fungu la chakula na malazi kwa mwanafunzi anayepewa kwa ukamilifu lilipandishwa kutoka shilingi 8,500 hadi shilingi 10,000 kwa siku kuanzia mwaka wa masomo wa 2022/2023. Kwa shilingi hizo 10,000 kijana wa mjini anatakiwa ale na alale. Na ndani yake atachomoa nauli ya daladala, fotokopi, sabuni na bando la simu, kwa kuwa siku hizi hata ratiba ya mtihani hutumwa kwa simu.

Kijana akajibu kwa upole kuwa bumu lake la mwisho halikumalizika kwa starehe. Shilingi 120,000 alizituma nyumbani. Baba yake akageuka kumtazama. Kumbe sare na daftari za mdogo wao, alizozinunua mama mwezi Januari na ambazo baba aliamini zimetoka katika mchezo wa kinamama, zilitoka kwenye mkopo wa mwanawe. Hakuna aliyesema neno kwa muda. Nimesikia habari kama hii kwa vijana wengine watatu tangu siku ile, nami nasema kwamba pale tunapodhani tunawasomesha, baadhi yao ndio wanaotusaidia kula, tena kwa fedha watakayoilipa wao.

Kisha akafika kwenye jambo lililonihusu. Akasema: “Sheikh, dada yangu alimaliza kidato cha sita mwaka 2017 akapata nafasi ya chuo. Baba alikuja kukuuliza kuhusu mkopo, ukamwambia una riba. Dada akabaki nyumbani. Mimi nimekwenda kwa mkopo huohuo. Je, kwake ulikuwa haramu na kwangu ni halali?”

Ni kweli nilitoa jibu lile, na kielimu silirudi. Wakati ule mkopaji alitozwa asilimia 6 kwa mwaka juu ya deni lililobaki, kwa jina la tozo ya kulinda thamani ya fedha. Wako waliosema kuwa si riba kwa sababu shilingi hushuka thamani na mdai asipokee pungufu ya alichotoa. Hoja hiyo ina uzito wake, lakini Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lililo chini ya Jumuiya ya OIC, lililijadili suala hili katika kikao chake cha Kuwait mwezi Desemba 1988, na likaamua kuwa deni la fedha hulipwa kwa kiasi kilekile kilichokopwa, si kwa thamani yake iliyobadilika. Ziada iliyoshurutishwa juu ya mkopo, hata ikivishwa jina zuri, imo ndani ya katazo. Baadaye, katika sherehe za Mei Mosi mwaka 2021 jijini Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo ya asilimia 6, na dhamira zetu nyingi zikapumua. Kwa hiyo hukumu ilibadilika kwa kuwa sababu yake ilibadilika, na kijana nilimweleza hivyo.

Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema neno ambalo sikuwa na jibu lake: “Mlitupa hukumu, hamkutupa njia.”

Amesema kweli. Mwaka ule wa 2017 msikiti wetu ulikuwa ukichangisha fedha za mazulia mapya, na zilipatikana katika Ijumaa nne. Hakuna aliyesimama, mimi nikiwemo, kusema kuwa yupo binti aliyeiacha riba kwa ajili ya Allah na anahitaji ada. Wanazuoni wengi wameandika kuwa mtafuta elimu asiye na uwezo anaingia katika wanaostahiki zaka, na sisi kila mwaka tunaigawa zaka hiyo kwa vipande vya shilingi elfu mbili mbili mlangoni kwa watu. Aidha, mpaka leo wapo wazazi wanaowazuia watoto wao kuomba mkopo kwa sababu ya fatwa ya kabla ya mwaka 2021. Khabari ya katazo iliwafika; ya kuondolewa kwa tozo haikuwafika, kwani ile ya kwanza tuliitangaza mimbarini, na hii ya pili tuliisoma magazetini tukanyamaza.

Palikuwa na jambo tulilotofautiana. Kijana alisema, na wenzake wengi husema, kwamba asipopata kazi hatalipa, kwa kuwa deni la Serikali si deni la mtu. Hili nililikataa. Mtume (S.A.W.) aliletewa jeneza la mtu aliyekufa na deni, akawataka Maswahaba wamswalie wao, mpaka Abu Qatada alipoubeba mzigo wa kulilipa. Mali ya Serikali ni mali ya umma, na mwenye kuizuia anawazuia wanafunzi wanaokuja nyuma yake. Lakini upande wa pili nao una wajibu. Aya ya 280 ya Suratul Baqara inamtaka mdai ampe muhula mdaiwa mwenye dhiki. Na mkataba ni amana kwa pande zote mbili. Mwaka 2016 sheria ilirekebishwa, na makato ya mnufaika aliyeajiriwa yakapandishwa kutoka asilimia 8 ya mshahara hadi asilimia 15, yakiwahusu hata waliokopa kabla ya mabadiliko hayo. Mwalimu aliyekwisha kupanga nyumba na kuoa kwa hesabu ya asilimia 8 akajikuta kwenye hesabu nyingine. Sheria inayo nguvu ya kufanya hivyo. Ila tusishangae vijana wakisema kuwa saini zao zinawafunga wao tu.

Kuhusu ajira, kijana hakuwa na hotuba ndefu. Alitukumbusha mwezi Juni 2014, alipokuwa shule ya msingi, jinsi waombaji zaidi ya 10,000 walivyoitwa katika Uwanja wa Taifa kufanyiwa usaili wa nafasi 70 za Idara ya Uhamiaji. Picha ile ya vijana waliojaa kwenye viti vya mpira wakiwa na bahasha za vyeti anaikumbuka tangu utotoni. Ndiyo maana, alisema, katika chumba chao wawili wanauza viatu vya mtumba na mmoja ananyoa wenzake nywele kwa malipo, wote wakiwa wanafunzi wa shahada.

Juu ya Gaza nilitarajia maneno ya moto. Alisema anaumia kwa watoto wanaouawa na huwaombea kila Swala, lakini akataja na jambo ambalo barazani kwetu halijawahi kutajwa: kwamba katika shambulio la Oktoba 7, 2023 walikuwemo vijana wawili wa Kitanzania, waliokwenda Israel kwa mafunzo ya kilimo, nao wakauawa. “Hawakuwa askari,” alisema, “walikuwa wanafunzi kama mimi, wamefuata ujuzi wa kulima.” Mzee mmoja alitaka kumpinga, akaghairi.

Ama uchaguzi mkuu wa Oktoba 29, 2025, hapo alipunguza sauti, na baba yake akaangalia njiani kama yuko mtu anayepita. Tunayafahamu sote yaliyotokea: maandamano katika Dar es Salaam na miji mingine, watu kupoteza maisha, amri ya kutotoka nje jijini, intaneti kuzimwa kwa siku kadhaa. Kijana hakuandamana, alikuwa amefungiwa mlango na mama yake, naye mama hakufanya kosa. Alichosema ni kuwa siku zile hakuumizwa na hofu kama alivyoumizwa na ukimya wetu baada yake, kwamba hakuna mtu mzima aliyewaketisha akawauliza mnalionaje. Wazee walinyamaza, na ukimya huo ukawa kama ushahidi wa maneno yake.

Nami niliwakumbusha wazee wenzangu habari ya Oktoba 22, 1966. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi Ikulu kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, ambamo kwa miezi 18 wangelipwa asilimia 40 tu ya mishahara yao. Mwalimu Nyerere alikasirika, akawafukuza zaidi ya 300 warudi makwao. Sehemu hiyo kila mtu huikumbuka. Isiyokumbukwa sana ni kwamba ndani ya malalamiko ya wanafunzi wale kulikuwa na neno juu ya mishahara minono ya wakubwa, na Mwalimu, pamoja na ghadhabu yake, hakulitupa neno hilo; alipunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Miezi michache baadaye, mwaka 1967, likaja Azimio la Arusha na masharti yake kwa viongozi. Wengi wa waliofukuzwa walikuja kurejeshwa masomoni. Sisemi kuwa wanafunzi wale walikuwa na haki katika kila jambo. Wengi wao walionekana kujipenda kuliko walivyoipenda nchi. Nasema kwamba mkubwa alimwadhibu kijana na bado akaisikia hoja yake.

Kikao chetu kilikwisha karibu na saa tano usiku. Yule mzee aliyeanzisha maneno alimwuliza kijana ni lini anarudi chuoni, akaambiwa Jumatatu, akamwagiza apite dukani kwake kabla ya safari achukue mchele.

Jumapili asubuhi nilikwenda kwa dada yake. Ameolewa, ana watoto wawili, na anafundisha chekechea kwenye madrasa ya mtaani kwao kwa posho ndogo. Mumewe akiwepo, nilimweleza kuwa jibu langu la mwaka 2017 nililitoa kwa elimu niliyokuwa nayo na kwamba baada ya jibu sikufanya lolote, nikamwomba msamaha. Alicheka, akasema yameshapita. Alipokuwa akinitilia chai akaniuliza, bila kunitazama, kama vipo vyuo vinavyosomesha walimu jioni au kwa masafa, na ada yake ni kiasi gani. Mumewe alisema hana kipingamizi. Kamati ya msikiti inakutana wiki ijayo kuhusu zaka, na nimekwisha kumwambia katibu aliandike jina la binti huyo katika ajenda.

Wabillahi tawfiiq.