KONOKONO WA KILINDI ANA KITOVU: KISWAHILI CHATOSHA SAYANSI

Wahenga walinena, mwacha asili ni mtumwa. Nami naongeza: mwacha lugha yake mlangoni mwa maabara, atakuwa mgeni hata katika ufuo wa kwao.

Ndugu msomaji, leo nataka tuzungumze juu ya konokono. Usicheke! Simsemi yule wa shambani anayekula sukumawiki. Namsema konokono mdogo wa baharini, akaaye kilindini. Wala si Kilindini ya meli na makontena, bali kilindi chenyewe, yaani maji marefu. Hapa Shanzu, ukishauvuka mwamba, sakafu ya bahari huporomoka upesi. Sehemu nyingi za pwani ya Kenya, mwendo wa kilomita chache tu kutoka ufuoni wakufikisha kwenye kina cha mita 200 na zaidi. Huko chini kuna konokono ambao wengine hawazidi punje ya mchele.

Wavuvi wetu hawakuwapa majina kwa sababu ndoana na madema yao hayakuwatoa. Waliowatoa ni watu wa meli za utafiti zilizokokota nyavu chini kabisa. Meli ya Wajerumani, Valdivia, ilipita bahari yetu katika safari yake ya 1898 hadi 1899. Kisha Mabahith, meli ya Misri, ikazunguka Bahari ya Hindi mwaka wa 1933 na 1934. Konokono wakapewa majina ya Kilatini, na habari zao zikaandikwa kwa Kijerumani na Kiingereza.

Hapo ndipo baadhi ya wenzetu hutudhihaki. “Mwaona? Sayansi haina Kiswahili!” Mimi nakataa katakata. Hebu tumtambue konokono huyo kwa lugha yetu, tuone tutakwama wapi.

Kwanza, shika gamba lake, ncha ielekee juu. Ncha hiyo ndiyo cheti chake cha kuzaliwa. Konokono habambui gamba akavaa jipya. Huongeza kidogo kidogo pale kwenye mdomo. Kwa hivyo gamba la utotoni hubaki kileleni. Likiwa na mizunguko mingi midogo, kwa kawaida mtoto alielea baharini muda mrefu akijitafutia chakula. Likiwa na mizunguko michache minene, huenda alianza maisha kwa kiini cha yai tu. Kumbe ncha isiyozidi milimita moja yatosha kusimulia utoto mzima! Ndiposa gamba lililosagwa na mawimbi hadi ncha ikapotea huwatatiza hata mabingwa.

Pili, hesabu mizunguko, utazame na mshono unaoiunganisha. Je, mshono ni wa kina au wa juujuu? Je, kuna mistari, mbavu au vinundu?

Tatu, tazama kinywa. Ni cha mviringo au kirefu? Mdomo wa nje una pengo karibu na mshono? Pengo hilo ni alama kubwa ya Turridae na jamaa zao. Chini ya kinywa, je, kuna mfereji?

Nne, ligeuze utafute kitovu. Naam, kitovu, kile kishimo kilicho katikati upande wa chini. Konokono wa jamii ya Solariella, ambao wengi wao hukaa maji marefu, wana kitovu kipana, kinywa cha karibu mviringo, na ndani hung'aa kama lulu.

Ncha, mshono, mbavu, kinywa, mdomo, mfereji, kitovu. Neno gani hapo bibi yangu halijui? Ni kweli kwamba wataalamu wa leo hawaishii kwenye gamba; huchunguza pia meno ya konokono na chembe zake za urithi. Lakini gamba ndilo mlango wa kuingilia, na mlango huo twaufungua kwa Kiswahili bila ya kuazima ufunguo.

Wala si jambo geni kwetu. Katika karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walisafirisha simbi kutoka Zanzibar hadi Afrika Magharibi, zikatumika kama fedha. Zetu zilikuwa zile zenye pete ya manjano mgongoni. Zile za zamani kutoka Maldives zilikuwa na vinundu pembeni. Asiyejua kuzitofautisha angepunjwa. Na hata leo, asiyemtambua konokono mwenye umbo la koni aweza kulipa kwa roho yake, kwani mmoja wao, Conus geographus, sumu yake imewahi kuua watu.

Sisemi tutupe majina ya Kilatini. La! Hayo ni ya dunia nzima, nasi tumo duniani. Sisemi pia mtihani wa Biolojia ugeuzwe kesho asubuhi. Ninalosema ni kwamba mwanafunzi anayekariri tu maneno ya kigeni hawezi kumweleza baba yake mvuvi alichojifunza, na baba naye hapati nafasi ya kumwongezea anachokijua. Elimu hukatika njiani kama kamba mbovu. TUKI walitutangulia mwaka wa 1990 kwa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia. Sisi twangoja nini?

Napendekeza Chama chetu kishirikiane na wenzetu wa sayansi. Tutengeneze daftari la magamba: picha, vipimo, jina la Kilatini, na jina la Kiswahili lililoulizwa kwa wazee. Tuchore na kupiga picha, kisha tuyaache magamba palepale. Ndani ya hifadhi ya bahari ya Mombasa hairuhusiwi kuyachukua, na popote pale gamba tupu ni nyumba ya kaa.

Kitu usichokijua jina, ni vigumu kukililia kikipotea. Haya shime, wenzangu, tuanze kuita.

Mwanachama, Kidato cha Tatu