Mashine ya kadi au nambari ya tili? Mfanyabiashara wa Migori na Homa Bay apige hesabu kwanza

JUNI 1, 2025, Kaunti ya Homa Bay ilikuwa mwenyeji wa sherehe za kitaifa za Madaraka. Miezi miwili baadaye, mnamo Agosti, kongamano la ugatuzi likafanyika huko huko. Wageni wanaoletwa na shughuli za aina hiyo hawalipi kwa mtindo wa mkazi wa Mbita anayenunua omena sokoni. Baadhi yao hubeba kadi za benki, na mwenye nyumba ya wageni asiye na mashine ya kuzipokea huenda akawatazama wakielekea kwa jirani.

Hapo ndipo linapozuka swali ambalo wengi huliona dogo: mfanyabiashara amchague nani wa kumpokelea malipo? Ajisajilishe kwa kampuni ya simu, aende benki, ama achukue mashine ya kadi? Akikosea, hasara haiji kwa kishindo. Huja shilingi mbili leo, tatu kesho, hadi mwisho wa mwaka anapogundua kwamba amekuwa akimfanyia mtu mwingine kazi.

Tuchukue mfano wa duka la rejareja mjini Oyugis linalopata faida ya shilingi 5 katika kila shilingi 100 za mauzo. Ada ya kupokea kadi kwa kawaida huwa kati ya asilimia 2 na 3, na wakati mwingine huzidi. Kwa ada ya asilimia 3, duka hilo litasalia na shilingi 2 pekee katika kila 100. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda kabla ya kodi ya nyumba, umeme na mshahara wa msaidizi.

Linganisha na nambari ya tili ya Lipa na M-Pesa, huduma iliyoanzishwa mwaka 2013, miaka sita baada ya M-Pesa yenyewe. Kwa viwango vilivyofuata nyongeza ya ushuru ya mwaka 2023, mwenye duka hukatwa asilimia 0.55 ya kila malipo, na makato hayazidi shilingi 200. Malipo yasiyozidi shilingi 200 hayakatwi chochote. Mama anayeuza samaki wa kukaanga wa shilingi 150 halipi ada ya kupokea, hata akihudumia wateja mia moja kwa siku.

Je, hii ina maana kwamba kadi haina nafasi katika kaunti hizi mbili? La hasha. Mwenye hoteli anayempokea mgeni kutoka ng'ambo kwa bili ya shilingi 12,000 atakatwa shilingi 360 kwa ada ya asilimia 3. Lakini akimkosa mgeni huyo, amekosa zote 12,000. Basi apime idadi ya wageni wa namna hiyo anaowapata kwa mwezi dhidi ya gharama za kukaa na mashine. Baadhi ya mikataba hudai kodi ya mashine kila mwezi, au huweka kiwango cha chini cha mauzo. Wageni wakiwa wawili kwa mwezi, mashine itakuwa pambo la mezani.

Kadi ina hatari nyingine isiyotajwa sana. Mwenye kadi anaweza kwenda kwa benki yake na kuyapinga malipo hata miezi kadhaa baada ya kulala hotelini. Mfanyabiashara asiyehifadhi stakabadhi zilizotiwa sahihi hujikuta akirejesha fedha alizokwisha kuzitumia.

Jambo la pili la kuzingatia ni wakati. Mfanyabiashara wa samaki katika fuo za Ziwa Victoria huwalipa wavuvi alfajiri, mashua zinapotia nanga. Fedha za kadi kwa kawaida hufika katika akaunti siku moja ya kazi baadaye, au zaidi. Aliyeuza Ijumaa jioni huenda asizione hadi Jumatatu au Jumanne, na samaki hangoji Jumatatu. Kwake yeye, mtoaji wa huduma mwenye ada nafuu lakini anayechelewesha fedha si nafuu hata kidogo.

Tatu, lazima iulizwe ni nani anayebeba ada. Katika Paybill, mzigo waweza kubebwa na mteja, na mfanyabiashara, au kugawanywa kati yao. Katika Pochi la Biashara, iliyolengwa kwa wachuuzi na wahudumu wa bodaboda, muuzaji hakatwi anapopokea, ila mteja hutozwa kama anayemtumia mwenzake fedha. Anayelipa shilingi 300 hukatwa 7. Shilingi 7 ni kidogo, lakini mteja anayerudi kila siku huzihesabu. Akipata kibanda cha pili chenye nambari ya tili, huenda asirudi.

Aidha, kupokea ni nusu tu ya safari. Kuna ada ya kutoa fedha kwa wakala, na ada ya kuzipeleka benki. Anayelinganisha watoa huduma kwa ada ya kupokea pekee ni kama anayenunua ng'ombe kwa kutazama pembe.

Nne ni mipaka. Tangu 2023, malipo ya M-Pesa kwa mara moja hayavuki shilingi 250,000, wala akaunti ya mtu binafsi haiwezi kuweka zaidi ya 500,000. Muuza mboga hahitaji kulifikiria hilo. Lakini mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Migori, au anayewauzia mashine wachimbaji wa dhahabu wa Macalder, atahitaji pia njia ya benki.

Isebania ina swali lake la pekee. Wateja wengi huvuka kutoka Sirare wakiwa na laini za Tanzania na shilingi za Tanzania. Kabla ya kutia sahihi, mwenye duka amuulize mtoa huduma kama mteja huyo ataweza kulipa moja kwa moja, na kwa kiwango gani cha ubadilishaji. Jibu la "tutaona baadaye" si jibu.

Ni kweli kwamba mazingira yamebadilika. Mnamo Aprili 2022 Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kwamba wateja wa mtandao mmoja wa simu wangeweza kulipa katika tili za mtandao mwingine. Hatua hiyo ilikusudiwa kumwondolea mwenye duka haja ya kubandika vibao vitatu ukutani. Pia inampa nguvu ya kujadiliana, mradi anajua kwamba anaweza kuhama.

Tatizo ni kwamba wengi hawajui. Mwaka 2016 Mamlaka ya Ushindani iliwaagiza watoa huduma za fedha kwa simu wamwonyeshe mteja ada kabla hajakamilisha malipo. Mfanyabiashara anastahili uwazi uo huo kwenye mkataba: ada zote katika ukurasa mmoja, kwa lugha anayoielewa, pamoja na masharti ya kujiondoa. Serikali za kaunti, ambazo humtoza mwenye duka leseni kila mwaka, zingeweza kubandika jedwali la kulinganisha ada katika kila ofisi ya biashara. Gharama yake ni karatasi tu.

Kwa sasa, jukumu limebaki kwa mwenye duka. Kwa muda wa mwezi mmoja, aandike katika daftari wateja wangapi walilipa kwa simu, wangapi waliulizia kadi, na kila malipo yalikuwa ya shilingi ngapi. Kwa wengi katika kaunti hizi, daftari hilo litaelekeza kwenye nambari ya tili. Wachache, hasa wenye hoteli, litawaelekeza kwenye mashine. Wakala akija na mkataba, daftari litangulie mezani. Mali bila daftari, hupotea bila habari.