Tusimtolee Mungu muziki usiotugharimu



Leo naanza na kosa langu mwenyewe. Padri anayekaa saa nyingi akisikiliza maungamo ya wengine, si vibaya naye akaungama mara mojamoja mbele ya watu.

Parokia yetu ilikuwa inajiandaa kwa jubilei ya miaka 50. Kamati ilitengeneza filamu fupi ya kueleza tulikotoka: wamisionari wa kwanza, kanisa la udongo, vigango vilivyozaliwa, masista wa zahanati. Picha zilikuwa tayari, sauti ya msimulizi ilikuwa tayari. Kilichobaki ni muziki wa kupita chini ya maneno. Kijana mmoja wa kamati akatoa simu yake, akaandika sentensi mbili kwenye programu ya akili mnemba, na kabla sijamaliza kikombe changu cha chai muziki ukawa unalia mezani. Ulikuwa na kinanda, marimba, na sauti kama za kwaya ikiimba bila maneno. "Baba Paroko, hii ni bure kabisa," akasema. Nikafurahi. Nikasema fedha tuliyookoa iende kwenye mabati ya kigango.

Wiki mbili baadaye, baada ya Misa ya kwanza, mpiga kinanda wetu alikuja ofisini. Ni kijana mwenye mke na mtoto mmoja. Hakuja kulalamika. Alikuja kuomba barua ya utambulisho ili aombe kazi ya ulinzi. Ndipo nikajua jambo ambalo paroko alipaswa kulijua siku nyingi: kwamba ugali wake haukutoka kwenye kwaya, maana sisi humpa nauli na asante. Ulitoka kwenye chumba chake chenye kompyuta moja na kinanda kimoja, alikotengeneza muziki wa matangazo ya maduka, wa vipindi vya redio, wa filamu fupi za mashirika. Wateja walikuwa wamepungua mmoja baada ya mwingine, na wote walikuwa na jibu moja: siku hizi tunatengeneza wenyewe kwenye simu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema kwa upole, "Baba, hata ule muziki wa jubilei nimeusikia. Ni mzuri."

Hilo neno "ni mzuri" halijanitoka moyoni.

Ndugu msomaji, wengi wetu hatujui kwamba kuna watu wanaoishi kwa muziki ambao hakuna anayewajua kwa majina. Unaposikiliza taarifa ya habari, tangazo la sabuni au filamu ya wanyamapori, kuna muziki unaopita chini ya sauti ya mtangazaji. Muziki huo kwa sehemu kubwa hutoka kwenye maktaba za muziki. Kazi hii si ya jana. Huko London kampuni ya De Wolfe ilianza mwaka 1909, enzi za filamu zisizo na sauti, ikiwapatia wenye kumbi za sinema muziki wa kupigwa wakati picha zikipita. Mpaka leo utaratibu ni uleule kwa asili yake: mtunzi anatunga kipande kabla hajaiona picha, maktaba inakipanga kwa hali yake, cha furaha, cha huzuni, cha hofu, cha safari, na mwenye filamu au redio anakichagua na kulipia leseni. Kila kinapopigwa hewani, jina la mtunzi linaandikwa kwenye orodha, na mirabaha inakusanywa na kumfikia, hata kama ni kidogo.

Wapo waliofika mbali kwa njia hii. Mwingereza Johnny Pearson alitunga kipande cha maktaba ambacho baadaye kilikuja kuwa wimbo wa kufungulia matangazo ya mpira wa Kimarekani, na mamilioni ya Wamarekani wanautambua bila kumjua mtunzi wake. Lakini walio wengi ni wavuja jasho wa kawaida. Kwao muziki huu mdogo ndio unaolipa kodi ya nyumba, wakati albamu wanazoziota bado hazijatoka.

Sasa ndio hawa wanaoguswa kwanza. Mpenzi wa mwimbaji maarufu atamtafuta mwimbaji wake. Lakini mwenye tangazo la sabuni hamtafuti mtu, anatafuta sekunde 30 za furaha. Akizipata bure, kwa nini alipe? Shirikisho la kimataifa la vyama vya watunzi, CISAC, lilitoa utafiti Desemba 2024 ukionya kwamba kufikia mwaka 2028 watunzi wa muziki wanaweza kuwa hatarini kupoteza asilimia 24 ya mapato yao kwa sababu ya akili mnemba. Aprili 2025 kampuni ya Deezer ya Ufaransa, inayosambaza muziki mtandaoni, ilisema inapokea kila siku zaidi ya nyimbo 20,000 zilizotengenezwa na mashine tupu, sawa na asilimia 18 ya nyimbo zote mpya zinazoletwa kwake.

Mtu ataniuliza: Padri, dhambi iko wapi hapo? Jembe la mkono lilimpisha trekta, na hatukulilia jembe. Swali hilo ni la haki, nami sitalikwepa. Wala siwezi kujifanya mtakatifu, kwa maana kinanda tunachokitumia kanisani kina midundo iliyorekodiwa ndani yake, na siku kilipoingia baadhi ya wapiga ngoma wetu walirudi kukaa kwenye mabenchi. Teknolojia kwa yenyewe si dhambi. Ni tunda la akili ambayo Mungu ametupa. Waraka wa Vatikano uitwao *Antiqua et Nova*, wa Januari 2025, unatufundisha kuitazama akili mnemba kama zao la akili ya binadamu, na si kama akili nyingine ya kuwekwa badala yake.

Lakini ipo tofauti, nayo ndiyo kiini cha tafakari yangu. Trekta halikutengenezwa kwa kuyeyusha majembe ya wakulima bila ruhusa yao. Mashine hizi za muziki zimefundishwa kwa kusikilizishwa nyimbo za watu. Juni 2024 kampuni kubwa za muziki nchini Marekani zilizishtaki kampuni mbili za programu hizi, Suno na Udio. Katika majibu yake mahakamani, Suno haikukana kwamba ilitumia makumi ya mamilioni ya rekodi zilizopatikana kwenye intaneti. Hoja yake ni kwamba sheria ya Marekani inaruhusu matumizi ya namna hiyo. Mwishoni mwa 2025 baadhi ya kampuni hizo kubwa zilianza kupatana na walioshtakiwa na kuingia nao mikataba. Fahali wawili wakipatana, nyasi nazo ziulize: na sisi je? Hicho watakacholipana kitamfikia mtunzi wa chumba kimoja?

Hapa namkumbuka nabii Nathani. Alimwendea mfalme Daudi na mfano wa tajiri mwenye makundi ya kondoo na ng'ombe, na jirani yake maskini mwenye mwanakondoo mmoja tu, aliyemlea kama mtoto wake (2 Sam 12). Mgeni alipofika, tajiri aliona uchumi kuchinja kutoka kundi lake, akamchukua yule mmoja wa maskini. Tusisahau kwamba Daudi aliyesimuliwa mfano huo alikuwa mwanamuziki. Ndiye aliyempigia Sauli kinubi mpaka roho yake ikatulia. Alijua thamani ya wimbo, na bado alihitaji nabii wa kumwonyesha kwamba amechukua cha mtu.

Mtunzi ana mwanakondoo wake. Ni ule mtindo alioupata kwa miaka ya kuketi na kinanda usiku, akikosea na kurudia. Anapochukuliwa mwanakondoo huyo bila kuombwa, kisha akageuzwa kuwa mchuzi wa bure unaogawiwa kwa wateja wake yeye mwenyewe, hapo maendeleo yamekanyaga haki.

Februari 2025 wanamuziki zaidi ya 1,000 huko Uingereza walitoa albamu ya pamoja isiyo na muziki. Walirekodi studio na kumbi zikiwa tupu, kimya, kupinga mpango wa serikali yao wa kulegeza sheria ya hakimiliki kwa faida ya kampuni za akili mnemba. Sisi tunaoadhimisha Ijumaa Kuu bila kengele wala kinanda tunaelewa lugha hiyo. Kuna ukimya unaosema kwamba kuna mtu ameondolewa.

Kanisa si geni katika jambo hili. Mwaka 1891 Papa Leo XIII aliandika *Rerum Novarum* wakati viwanda vilipokuwa vinabadili maisha ya wafanyakazi, akatetea ujira wa haki. Mwaka 1981 Mtakatifu Yohane Paulo II, katika *Laborem Exercens*, alifundisha kwamba kazi ya mtu inatangulia mtaji. Na Mei 2025 Papa Leo XIV alipochaguliwa, aliwaeleza makardinali kwamba alichagua jina hilo akimkumbuka hasa Leo XIII, kwa kuwa akili mnemba inaleta changamoto mpya kwa heshima ya mtu, haki na kazi. Basi tusidhani haya ni mambo ya vijana wa kompyuta. Ni mambo ya Injili.

Najua hoja ya mwisho, na hii inaniuma zaidi kwa sababu niliisema mwenyewe: sisi ni maskini, na cha bure ni baraka. Mama anayeanza biashara ya uji na kutaka tangazo dogo la kurusha kwenye simu, mimi sitamhukumu akitumia mashine. Lakini sisi parokia, mashirika, shule na redio, tulio na bajeti na kamati, tusijifiche nyuma ya umaskini wake. Daudi yuleyule, wakati wa tauni, alikwenda kujenga altare kwenye uwanja wa kupuria wa Arauna Myebusi (2 Sam 24). Arauna alimpa vyote bure: uwanja, ng'ombe, hata kuni. Daudi akakataa. Alisema hawezi kumtolea Bwana sadaka isiyomgharimu kitu, akalipa shekeli 50 za fedha. Alijifunza. Yule aliyechukua cha mtu sasa analipia hata anachopewa.

Wazee wetu nao walisema, mcheza kwao hutunzwa. Anayecheza ngoma nyumbani kwao ndiye anayetuzwa na watu wake. Leo tunaye mchezaji nyumbani, tunampita mlangoni na kwenda kuokota wimbo usio na mwenyewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, parokia na taasisi zetu ziwe na desturi ya kumuuliza mtunzi wa nyumbani kabla ya kufungua programu, na zimlipe kama zinavyomlipa fundi wa mabati. "Mungu atakulipa" ni sala, si ujira. Pili, tuseme ukweli. Kama muziki umetengenezwa na mashine, iandikwe hivyo, maana kumwaminisha msikilizaji kwamba ile ni kwaya ya watu ni uongo. Tatu, watunzi mnaonisoma, sajilini kazi zenu kwa Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA. Sheria ya mwaka 1999 ipo, lakini haki isiyoandikishwa ni ngumu kuidai. Nanyi mnaotunga sheria, ulizeni maswali matatu kwa niaba ya wadogo: mashine hii imefundishwa kwa nyimbo za nani, waliombwa ruhusa, na wamelipwa nini?

Nimalizie kisa changu. Nilirudi kwenye kamati, nikaeleza kosa langu, nikaomba filamu ipewe muziki mwingine. Kulikuwa na ubishi, tena wa haki, maana mabati ya kigango yalichelewa mwezi mzima kwa sababu hiyo. Mpiga kinanda alifanya kazi siku tisa. Alikwenda kigangoni akarekodi bibi wanne waliokuwa kwenye kwaya ya kwanza ya parokia, sauti zao zimechoka na hazipandi tena juu. Siku ya jubilei, sehemu ile ilipofika, watu walianza kuonyeshana vidole: yule ni bibi yangu. Mashine ilitupa kwaya. Yeye alitupa kwaya yetu.

Ile barua ya kazi ya ulinzi nilimwandikia pia, maana filamu moja hailishi familia mwaka mzima. Analinda usiku, mchana anatunga. Jumapili hii, ukitoka kanisani, msalimie mpiga kinanda wa parokia yako. Muulize anaishi kwa kazi gani. Mimi nilichelewa kuuliza.