Damu Haikadiriwi kwa Macho

Mzazi akivuja damu baada ya kujifungua, dakika ndizo zinazoamua. Kila mkunga analijua hilo. Lisilosemwa sana ni kwamba miaka yote tumemwachia akadirie kwa macho: kanga imelowa kiasi gani, shuka je, sakafuni kuna nini. Na jicho la mtu aliyekesha, tena peke yake wodini, mara nyingi huona pungufu.

Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini kwa wanawake zaidi ya 200,000 waliojifungua kwa njia ya kawaida. Hapakuwa na dawa mpya. Mzazi alitandikiwa mfuko wa plastiki wenye alama za mililita, damu ikakusanyika humo na kusomeka. Ikifika kwenye alama ya hatari, mkunga hakungoja: alikanda mji wa mimba, akachoma oksitosini, akatoa asidi ya traneksamiki, akafungua dripu, akakagua damu inatoka wapi. Yote kwa mkupuo. Zamani hatua hizo zilifuatana moja moja, kila moja ikisubiriwa mpaka ishindwe. Waliovuja lita moja na zaidi, waliopasuliwa kwa sababu hiyo au kufariki walipungua kwa asilimia 60.

Lililonishtua mimi ni jingine. Katika hospitali zilizobaki na utaratibu wa zamani, takriban nusu tu ya wazazi waliovuja ndio waliogundulika. Penye mfuko, 93 kati ya 100. Hiyo nusu nyingine ilikuwa hospitalini, kitandani, mbele ya wataalamu. Tusiite uzembe kile ambacho ni kukosa kipimo.

Tanzania imepiga hatua: vifo vya uzazi vilivyokadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 mwaka 2015/16 vilikuwa 104 katika utafiti wa mwaka 2022. Lakini wastani hauzai. Hospitali za E-MOTIVE zilizalisha wanawake kuanzia 1,000 kwa mwaka. Mwanamke wa kijijini anazalia zahanati, usiku, mikononi mwa muuguzi mmoja. Oksitosini inataka nyuzijoto 2 hadi 8. Jokofu likifa, dawa inapoteza nguvu ikiwa ndani ya kichupa. Muuguzi anachoma, mji wa mimba haujikazi, na asubuhi ni yeye anayeandikiwa barua ya kujieleza.

Ndiyo maana toleo hili tumewapa kalamu wauguzi na wakunga wenyewe. Wanayodai si makubwa, na nayaunga mkono yote. Ninyi mnaoandaa bajeti za halmashauri, anzieni zahanati ya mbali kabisa: mfuko wenye alama, jokofu linalofanya kazi, muuguzi wa pili zamu ya usiku, na idhini ya maandishi ya kuanza matibabu bila kungoja simu ya daktari.