Mchezo wa Televisheni kutoka Pemba

Tuseme binti yako yuko chuoni, anajifunza kazi ya habari. Amerudi nyumbani Wete kwa likizo, naye asema: "Baba, mwalimu ametupa kazi. Tutunge mchezo wa televisheni, ule wa mfululizo, tuupange tangu sehemu ya kwanza hata ya mwisho." Utamjibu nini? Wazazi wengi watasema, "Ndiyo masomo hayo niliyouzia karafuu?" Ngoja kwanza, usimkatize.

Wamarekani huiita michezo ya namna hii opera za sabuni, kwa kuwa katika miaka ya 1930 wenye viwanda vya sabuni ndio waliolipia michezo ya redio, wakijua kwamba akina mama huisikiliza wakiwa kazini nyumbani. Kwa hiyo ulikuwa chambo cha kuuzia sabuni. Kwetu ulipata kazi nyingine. Mwezi wa Julai 1993 Radio Tanzania ilianza kutangaza "Twende na Wakati", mara mbili kwa juma. Wazee wa nyumba bado wamkumbuka Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njia nzima, na mkewe Tunu aliyebaki na watoto. Mwishowe Mkwaju akapatwa na UKIMWI. Wenye mchezo walifanya jambo la busara: kwa miaka miwili kituo cha Dodoma hakikuutangaza, ili wapate kulinganisha waliousikia na wasiousikia. (Mchezo ule ulihubiri pia uzazi wa mpango, na Kanisa lina neno lake juu ya jambo hilo. Leo natazama ufundi tu.)

Ufundi wenyewe ulitoka Meksiko, kwa bwana Miguel Sabido, aliyeutumia katika televisheni miaka ya 1970. Yeye huweka watu wa namna tatu: mwema, mbaya, na yule wa katikati anayevutwa huku na huku. Huyu wa katikati ndiye roho ya mchezo. Mtu mwema tupu twamsifu, kisha twasinzia. Wa katikati amefanana nasi, nasi twataka kujua kesho atafanyaje.

Haya, sasa tuje Pemba. Vijana wa chuo hawana fedha, nao hawahitaji majumba ya fahari. Baraza moja, duka moja, uwanja wa kuanikia karafuu na ufuko wa bahari vyatosha. Msimu wenyewe utawapangia hadithi: wachumaji wapanda mikarafuu, usiku watu waketi kuchambua karafuu na makonyo, kisha majamvi yatandazwa juani, na wingu likionekana kila mtu atoka mbio. Hapo pana ugomvi, kicheko na uchumba bila kutafuta mbali.

Baba wa nyumba apeleka karafuu zake kwa Shirika la Biashara la Taifa, kama sheria inavyotaka. Mpwa wake ana mashua, na usiku wa giza hupeleka magendo upande wa Kenya. Kati yao yuko kijana ambaye dada yake adaiwa ada ya shule. Huyo ndiye wetu. Sehemu ya kwanza iishe pale anapotia mguu mmoja majini, gunia begani, na nyuma yake asikia mtu akimwita kwa jina. Hapo wakate picha! Jirani atakuja kwako juma lijalo kabla hujamkaribisha.

Wasemezane Kipemba chao, wala wasione haya. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya mwanzo ya 1970, na bara tuliingoja hata 1994. Lakini Mpemba wa shamba amejiona mara ngapi katika kioo kile, akisema kama asemavyo kwake?

Lipo jambo moja ambalo mzazi amwulize mtoto wazi. Katika habari za bahari, wanafunzi watavutwa kuigiza meli inayozama. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilizama ikitoka Unguja kwenda Pemba, ikiwa imejaza watu kupita kiasi, na mamia walikufa. Nyumba nyingi kisiwani zina kitanda kilichobaki kitupu tangu siku ile. Je, mama aliyempoteza mwanawe ataketi mbele ya televisheni aone watoto wa chuo wakijitupa majini ili wapate alama za mtihani? Mimi ningesema, acheni meli. Kama ni lazima itajwe, basi mzee mmoja barazani akatae kupanda boti kwenda Unguja, asiseme sababu, na wenzake wanyamaze. Pemba nzima itaelewa.

Na kama binti mwenyewe ataka kuigiza, usiseme ndiyo wala la siku ile. Ajue kwamba akiigiza mwizi, sokoni wataanza kumwita mwizi. Alete nyumbani karatasi za maneno yake kabla ya kupiga picha, mama yake amsomeshe mpaka mwisho, na penye neno ambalo mama hawezi kulisikia mbele ya babu, hapo wakae walizungumze.