Mkeka wa Watoto Wawili

Mwezi huu twataka kunena juu ya kazi za mikono, maana wako wadhanio kwamba kusuka na kuchora shuleni ni mchezo wa kupitisha saa tu. Sivyo. Kazi hizo zaweza kumfundisha mtoto jinsi ya kukaa na wenziwe.

Alikuwako Mjerumani mmoja, Friedrich Fröbel, aliyezaliwa mwaka 1782. Mamaye alifariki naye hajatimiza mwaka, akakua katika upweke. Mtu huyo ndiye aliyefungua shule ya watoto wadogo huko Blankenburg mwaka 1837, na mwaka 1840 akaiita Kindergarten, maana yake bustani ya watoto. Katika kazi zake ilikuwamo kusuka vipande vya karatasi, kimoja juu, kimoja chini, mfano wa mkeka wetu.

Kazi hii haitaki fedha. Twaeni karatasi kuukuu au ukindu, mkawape watoto wawili wawili. Mmoja ashike, wa pili apitishe, kisha wabadilishane. Wakiwamo waliogombana, waketisheni pamoja, wala msiwahubirie. Mmoja akivuta kwa nguvu, kazi ya mwenziwe huharibika. Akilegeza, mkeka haukazi. Hawana budi kusemezana. Kazi ikiisha, waulizeni, "Ni kipande kipi kilichofanya mkeka?" Watajibu wenyewe.

Kazi ya pili ni kuchora jamaa, nayo yataka uangalifu. Mwalimu asemapo, "Choreni baba na mama," wengine hufurahi, lakini yatima hukaa na kalamu mkononi asijue aanzie wapi, na aliyelelewa na bibi yake huinamisha uso. Afadhali kusema, "Choreni watu mlao nao." Neno hili halimfungii mtoto mlango.

Tena msisahihishe picha hiyo. Mtoto akimchora bibi yake mkubwa kuliko nyumba, au akijichora mwenyewe kando, peke yake, msiseme amekosa, wala msifanye haraka kuifasiri. Mwambieni kwa upole, faraghani, "Nipe habari za picha yako." Atakalosema ni amana, lisiwe hadithi ya barazani. Lakini likiwa jambo la kumdhuru, msilifiche. Lifikisheni kwa mkubwa awezaye kumlinda.

Nanyi wazazi, mtoto arudipo na picha yake, msianze kucheka mtu asiye na shingo. Ketini naye, mwulizeni nani ni nani, na kwa nini huyu yu karibu na yule yu mbali. Huenda mkasikia neno ambalo kinywa chake hakikuthubutu kulinena.

Wahenga walisema, udongo upate uli maji. Ugomvi wa watoto wawili hupatanishwa kwa kipande cha ukindu. Wakiisha kuwa watu wazima, hata baraza la wazee laweza kushindwa.