Mwenye Ugonjwa, Mwenye Nyumba

Baba mkubwa wangu alikuwa na nyumba hapa Lubumbashi. Ugonjwa wa akili humshika, kisha humwacha. Akiwa mzima, alijua deni la kila mpangaji bila kufungua daftari. Aliporudi kutoka hospitali mara ya mwisho, alikuta watu asiowajua wakipika uani mwake. Ndugu walikuwa wameiuza nyumba. Nilipouliza kwa idhini ya nani, nilijibiwa: "Huyo ni kichaa."

Jibu hilo halitoshi, na sheria yetu yenyewe inasema halitoshi. Kwa Sheria ya Familia ya 1987, mtu mzima haondolewi uwezo wa kusimamia mali yake kwa sababu ya ugonjwa wa akili mpaka mahakama iamue. Hata hapo hanyang'anywi kitu: anawekewa mlezi wa kumtunzia mali. Tena, mwaka 2015 Kongo ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 12 kinadai wawe na haki sawa ya kumiliki na kurithi mali.

Lakini sheria imeandikwa kwa Kifaransa, na mgonjwa huyo inamwita "aliéné". Sisi wanaisimu tutazame mzizi: Kilatini "alienus", yaani "wa mwingine". Kwa mzizi huohuo wanasheria husema "aliéner", kumhamishia mwingine mali. Kiswahili kinatupa njia nyingine: mwenye ugonjwa, mwenye nyumba. Mtu anaweza kuwa yote mawili kwa wakati mmoja, na la kwanza halifuti la pili.

Wapo watakaosema jamaa huuza ili walipe dawa. Huenda ni kweli. Matibabu ni ghali. Basi waende mbele ya jaji, waonyeshe bei ya dawa, na mwenye mali naye asikilizwe.

Kitivo chetu hakiwezi kurudisha nyumba iliyouzwa. Kinaweza kutafsiri vifungu hivyo kwa Kiswahili, kisha kwa Kilingala, Kikongo na Tshiluba, lugha za taifa ambazo Katiba inazitaja katika kifungu chake cha kwanza. Walimu wetu watuongoze, tuanze muhula huu. Baba mkubwa hajui Kifaransa, lakini Kiswahili anakisoma vizuri. Ndugu zake pia.